Tumerudi kwenye dole gumba

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita alikwenda kwenye steshenari moja karibu na stendi kuomba mkopo wa elimu ya juu. Alibeba bahasha ya kaki yenye kila kilichotakiwa: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, picha za pasipoti, na Sh30,000 za ada ya maombi. Kijana wa pale aliipokea bahasha, akamwambia akae kwenye benchi la nje. Akakaa, akatoa simu, akaanza kuperuzi. Baada ya nusu saa akaitwa ndani, akaonyeshwa mahali pa kusaini kwenye karatasi zilizotoka kwenye printa, akasaini, akalipa, akaondoka.

Katika nusu saa ile yule kijana alimfungulia barua pepe, akamtungia neno la siri, akasoma maelekezo ya bodi ya mikopo kwa niaba yake, akajibu maswali kuhusu kazi ya baba yake na shule alizosoma, kisha akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha kukubali masharti. Hayo ni masharti ya deni ambalo binti atakatwa mshahara kulilipa kwa miaka mingi. Wiki mbili baadaye ilipobainika kuna taarifa ya kurekebisha, hakuweza kuingia kwenye akaunti yake. Neno la siri hakulijua. Hata anwani ya barua pepe iliyobeba jina lake hakuijua. Akarudi steshenari, na yule kijana akamjibu bila ubaya wowote: "Dada yangu, hapa nahudumia watu arobaini kwa siku. Nitakumbuka ya nani?"

Binti huyu ana daraja la kwanza. Kiingereza cha vitabuni anakisoma bila kigugumizi, na simu janja ameizoea kiasi kwamba anaandika ujumbe bila kuangalia herufi. Ukimpeleka mbele ya afisa yeyote wa takwimu atahesabiwa kuwa anajua kusoma na kuandika. Lakini siku ile, mbele ya maandishi yaliyomhusu kuliko yote aliyowahi kukutana nayo, alisomewa na kuandikiwa, akaweka saini mwishoni. Mimi nimeshawahi kusikia habari ya mtu aliyeishi hivyo. Alikuwa bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikulia Sengerema na maisha yake yote alilima pamba. Mpaka alipopita miaka arobaini hakujua herufi hata moja. Siku ya kuuza, karani wa mizani aliandika kilo kwenye stakabadhi, akamsogezea kibweta cha wino, bibi akachovya dole gumba na kuligandamiza chini ya maandishi asiyoyajua. Barua za mwanawe aliyekuwa Dar es Salaam alisomewa na mtoto wa jirani aliyekuwa darasa la tano, kwa sauti, uani, mbele ya yeyote aliyekuwapo. Shida yoyote aliyoiandika mjomba, majirani waliijua kabla jua halijazama. Ukitaka kujibu, mtoto yuleyule ndiye anayeandika, na hujui ameandika nini.

Kisha ukaja ungumbaru. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na upande wa Ziwa kazi ilikuwa imeanza mapema zaidi, mwaka 1968, kwa mradi wa UNESCO uliokuwa na makao Mwanza. Mwaka 1967 kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 nchini walikuwa hawajui kusoma. Kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi zilionyesha wamebaki chini ya 10. Unaweza kubishana kuhusu vipimo vilivyotumika, na wapo waliobishana, lakini nchi maskini iliyofundisha wazee wake chini ya miembe kwa vibao vya mbao na taa za chemli ilifanya jambo kubwa sana.

Kinachonivutia zaidi katika kazi ile ni jina ililopewa: kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kwanza havikuanza na hadithi za sungura. Vilianza na pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe, kutegemea mwanafunzi anaishi wapi na anakula kutokana na nini. Bibi alijifunza silabi za "pa" na "mba" kwenye kitabu kilichokuwa kikimfundisha lini apande na lini apige dawa. Msimu uliofuata alisimama mbele ya mizani, akasoma namba, akasoma stakabadhi, akamwambia karani: "Mwanangu, mizani imesema arobaini na nane, wewe hapa umeandika arobaini na tatu." Karani akafuta, akaandika upya. Bibi aliisimulia habari hiyo mpaka anakufa, na kila mara alizitaja kilo zile tano kana kwamba amezishika mkononi.

Ipo na habari ya barua. Siku ya kwanza alipopokea barua baada ya kufuzu, hakumwita mtoto wa jirani. Alikwenda nayo nyuma ya ghala la mahindi, akakaa huko muda mrefu akiisoma kwa kidole, silabi kwa silabi. Alipotoka aliikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Babu akamuuliza barua imesemaje. Akajibu: "Amesema mzima." Mengine yaliyokuwamo hakuyasema.

Kwa hiyo ninaposikia mijadala ya kisomo katika zama za dijiti nakumbuka kwanza zile kilo tano na lile pindo la khanga. Kujua kusoma kulimpa bibi uwezo wa kuikagua kauli ya mtu mwenye mamlaka juu yake, na kulimpa siri. Mpwa wangu, mwenye vyeti vyote, alikuwa hana hata kimoja kati ya hivyo viwili siku aliyokaa kwenye benchi la steshenari.

Maana ya kisomo imekuwa ikibadilika siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 18 watu wa Kilwa walikuwa wakiandikiana barua kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini utawala wa kikoloni ulipohamia kwenye herufi za Kilatini, shehe aliyeandika tenzi nzima kwa mkono wake akajikuta hana elimu machoni pa ofisi. UNESCO nao mwaka 1958 walisema anayejua kusoma ni yule awezaye kusoma na kuandika, huku akielewa, maelezo mafupi kuhusu maisha yake ya kila siku. Mwaka 1978 wakaongeza kwamba lazima kisomo kimwezeshe mtu kushiriki shughuli za jamii yake. Mwaka 2025, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, ile ya Septemba 8, iliadhimishwa kwa kaulimbiu ya kuendeleza kisomo katika zama za dijiti, wakati shirika hilohilo likikadiria kwamba watu wazima na vijana milioni 739 duniani bado hawana stadi za msingi za kusoma. Namba hiyo isisahaulike. Asiyejua KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hawezi kuokolewa na kishikwambi, na wanaozunguka majumbani kupima watoto kwa hadithi fupi ya darasa la pili, kama watu wa mpango wa Uwezo walivyoanza kufanya Kenya mwaka 2009 kisha Tanzania na Uganda, wametuonyesha mara nyingi kwamba wapo watoto wa madarasa ya juu wanaoshindwa kuisoma. Msingi ni uleule. Ninachosema ni kwamba maisha ya kila siku ya mwanafunzi, yale yaliyotajwa mwaka 1958, sasa yameandikwa mahali pengine na kwa namna nyingine, na hatujamfundisha kupasoma.

Nitoe mfano mmoja. Miezi ile ya kusubiri majina, kwenye grupu la WhatsApp la wahitimu wenzake, mpwa wangu alipokea tangazo lenye nembo ya serikali: nafasi za ziada za mikopo, mwisho kesho saa sita usiku, jaza hapa. Chini yake palikuwa na linki. Juu ya ujumbe palikuwa na mishale miwili, ile inayoonyesha kwamba ujumbe umeshapita mikono mingi. Aliniletea simu akiwa anahema. "Mjomba, nijaze haraka? Bando linaisha."

Nikamwomba anisomee anwani ya ile linki. Akasoma kuanzia kushoto, kama tunavyosoma kila kitu, na mwanzoni kweli palikuwa na herufi za kifupi cha bodi. Akatosheka hapo. Nikamwambia arudie, lakini aanzie kulia. Mtoto aliyepita madrasa hili hulishika upesi: ukishaipita ile mikwaju miwili ya https:// mwanzoni mwa anwani, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata; mwenye nyumba anatajwa kabla tu ya mkwaju huo, na kutoka hapo unasoma kwenda kushoto. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Vyuo hutumia .ac.tz, shule .sc.tz. Kinachotangulia kushoto mtu anaweza kukiandika apendavyo, kama mtu anavyoweza kupaka rangi ya benki kwenye kibanda chake. Akasoma upya, polepole. Kabla ya mkwaju hapakuwa na .go.tz. Palikuwa na neno la kigeni na nukta ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuinunua.

Kazi ile haikuchukua dakika mbili. Haikuhitaji kompyuta wala mtaalamu. Ilikuwa kusoma tu, kusoma kwa maana ileile ya bibi mbele ya mizani, ila hakuna mwalimu hata mmoja katika miaka kumi na tatu ya shule aliyewahi kumfundisha binti huyu kwamba mstari ule unasomeka. Kila mtu mwenye simu nchini ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Tumeuzoea kiasi kwamba tunaufuta bila kufikiri. Lakini uchambueni kama maandishi: hauna jina la mtumaji, hauna jina la mpokeaji, unajifanya kuendeleza mazungumzo ambayo hayajawahi kufanyika, na unatumia neno "ile" kukufanya uamini kwamba kuna hela mliyokwisha kuizungumza. Kionyeshi kimoja kinabeba utapeli mzima. Huo ni mfano mzuri wa kufundishia vionyeshi kuliko mingi iliyomo kwenye vitabu vyetu, na sijaona shule ikiutumia.

Wapo wanaosema watoto hawa wamezaliwa na simu mkononi, watajifunza wenyewe. Sikubaliani nao, na ushahidi upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa ripoti mwaka 2016 baada ya kukusanya majibu 7,804 ya wanafunzi kutoka majimbo 12, kuanzia shule za kati hadi vyuo. Zaidi ya asilimia 80 ya wale wa shule za kati waliona tangazo la biashara lililoandikwa kwamba limedhaminiwa, wakadhani ni habari halisi. Hawa ni watoto wa nchi ambako intaneti ilizaliwa.

Utafiti uliofuata mwaka 2017 ndio ninaourudia mara kwa mara. Walichukuliwa wanafunzi 25 wa Stanford penyewe, wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu, na wakaguzi wa habari 10. Wakaonyeshwa, pamoja na mengine, tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya chama kikubwa cha kitaifa cha taaluma hiyo. Nyingine ni ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002, chenye jina linalofanana nalo. Wanafunzi walikaa kwenye ukurasa. Waliangalia kama umepangwa vizuri, kama una marejeo, kama nembo inavutia, na wengi wakapotea. Baadhi ya wanahistoria pia walipotea, watu waliotumia maisha yao yote kuhakiki nyaraka. Wakaguzi wa habari walifanya kitu kingine kabisa: ndani ya sekunde chache waliuacha ukurasa, wakafungua kurasa nyingine pembeni, wakauliza wengine wanasema nini kuhusu kikundi kile. Kisha ndipo wakarudi kusoma.

Mtu wa pwani au wa bara atalitambua jambo hili. Posa ikiletwa nyumbani, wazee hawamhukumu kijana kwa koti alilovaa na maneno mazuri ya mshenga wake. Wanamkaribisha, wanampa chai, halafu wanatuma mtu kwao akaulize. Anatoka wapi, amekaa na nani, wanamsemaje majirani. Tuna utamaduni mzima wa kuulizia, na mwanafunzi wetu anaufahamu tangu utotoni. Akifika mtandaoni anauacha mlangoni, kwa sababu shuleni alifundishwa kwamba jibu liko ndani ya kifungu. "Soma kifungu kifuatacho kisha jibu maswali." Ufahamu wetu wote umejengwa hivyo: maandishi yanaaminika kwa kuwa yamechapishwa, mwandishi wake haulizwi, na anayetoka nje ya kifungu kutafuta jibu amekosea. Ulikuwa mfumo unaofaa wakati kitabu kilipofika darasani kikiwa kimepita kwa mhariri, kwa Taasisi ya Elimu na kwa kamishna. Ukurasa uliofunguliwa kwenye simu usiku wa manane haujapita kwa yeyote.

Sasa imeongezeka akili mnemba. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, insha zinaweza kuzalishwa kama matofali. Nilikuwa bado nafundisha Kiswahili. Muhula mmoja niliwapa kidato cha tatu kazi ya nyumbani kuhusu tarbia, nikawataka watoe mfano wa ubeti na kuuchambua. Wanafunzi sita waliniletea ubeti uleule, wakiutaja kuwa wa mshairi maarufu wa pwani. Nilitafuta kwenye diwani yake, haumo. Uchambuzi ulioambatana nao ulikuwa na lugha safi kabisa, wenye maneno kama "dhamira" na "taswira" kila mahali panapostahili.

Sikuwapeleka ofisini. Niliuandika ule ubeti ubaoni, nikaliambia darasa zima tuhesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, kama nilivyohesabishwa mimi na mwalimu wangu. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane kwa nane. Mshororo wa kwanza ukatoa kumi na saba. Wa pili kumi na nne. Wa tatu ukafika kumi na sita, lakini ukigawa katikati unakata neno. Kina cha kati hakikuonekana mpaka mwisho. Darasa lilikuwa kimya, watu wanahesabu kwa midomo. Kijana mmoja wa nyuma, mmoja wa wale sita, akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "hili ni guni."

Guni ni shairi lililovunja kanuni za mizani na vina. Nikawaeleza kwa nini limekuwa hivyo. Mashine ile haina diwani mbele yake inayofungua na kunukuu. Imelishwa maandishi mengi mno, ya Kiingereza yakiwa mengi na ya Kiswahili machache, na kazi yake ni kukisia neno linaloelekea kufuata neno lililotangulia. Inajua ubeti unafananaje kwa macho. Masikio ya kusikia mizani haina. Na inasema kwa sauti ileile ya uhakika, iwe imepata au imekosa. Aliyemkamata mwongo siku ile ni maarifa ya kale, yale ambayo wengine wanataka yaondolewe shuleni kwa kuwa "hayana soko". Mwanafunzi asiyejua kuhesabu mizani asingekuwa na chochote cha kumkagulia mwalimu huyu mpya asiyechoka. Ndiyo maana sina subira na hoja kwamba zama za dijiti zinahitaji watoto wajue mambo machache zaidi kwa kuwa yote yako mtandaoni. Utajuaje kwamba stakabadhi inasema arobaini na tatu kama hujui kusoma mizani?

Lugha nayo inatutesa. Mtoto wa Tanzania anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Akitafuta jambo mtandaoni kwa lugha anayoielewa, anapata kurasa chache. Akitafuta kwa lugha ya mtihani, anapata maelfu, lakini anaelewa nusu. Katika hali hiyo kukopi na kupesti ni njia ya kujiokoa, na wala haitokani na uvivu kila mara. Nimeona madaftari ambamo mwanafunzi amenakili mpaka maneno ya kumwalika msomaji abonyeze kusoma zaidi. Mtoto huyo hajasoma. Amehamisha herufi, kama mtu anayehamisha magunia bila kujua ndani yake kuna nini.

Na shule zimefanya nini? Zimepiga marufuku simu. Sababu zake ninazijua na nyingine ninaziunga mkono. Nimeshuhudia bweni zima likikesha kwenye video. Lakini tazama matokeo. Kwa miaka sita ya sekondari simu ni kosa la kufukuzwa. Miezi michache baada ya mtihani wa mwisho, matokeo, udahili, mkopo, hata chumba cha kuishi chuoni, vyote vinapita humo humo kwenye kitu ambacho hajawahi kukaa nacho mbele ya mwalimu. Mtihani wake wa kwanza wa kisomo cha dijiti ni maombi ya mkopo, na msimamizi wake ni kijana wa steshenari.

Upande mwingine tumeweka somo la kompyuta. Nimeingia darasani nikakuta ubaoni: "Taja sehemu nne za kompyuta." Wanafunzi wanachora kipanya kwenye daftari katika shule isiyo na kompyuta. Hebu fikiria ungumbaru wa mwaka 1971 ungemfundisha bibi sehemu nne za kalamu. Kenya walianza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza mwaka 2016, na mtaala wao wa umilisi ulioanza mwaka 2017 ukautaja ujuzi wa dijiti miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Kuutaja ni hatua. Kwetu pia mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutumika Januari 2024 imeipa TEHAMA nafasi kubwa zaidi. Shaka yangu ni mahali tunapoliweka jambo hili. Tukiliacha kwa mwalimu wa kompyuta peke yake, litabaki kuwa habari ya mashine. Kukagua nani ameandika, kwa nini ameandika, na wengine wanasemaje, hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili, wa Historia, wa Uraia. Anaweza kuifanya kwa tangazo la uongo lililochapwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani.

Tulishawahi kufanya kitu cha aina hii na chombo kipya. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ilitumia redio kufundisha usafi na kujikinga na magonjwa, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu. Kipindi kikiisha watu hawakutawanyika, walikaa wakaulizana: tumesikia nini, kwetu hali ikoje, tunafanya nini? Vyoo vilichimbwa kutokana na mazungumzo yale. Leo tumewapa watoto chombo chenye nguvu kuliko redio mara elfu, na baada ya kipindi hakuna kikao. Kila mmoja anasikiliza peke yake, chini ya shuka.

Kisomo kina upande wa kuandika pia, na huu tunausahau kabisa. Mwanafunzi anayesambaza picha ya mwenzake au tangazo la uzushi hajioni kuwa ameandika chochote. Anaona amebonyeza tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimuoni hivyo. Kusambaza taarifa ya uongo kwa nia ya kupotosha ni kosa, na aliyebonyeza hawezi kujitetea kwamba hakutunga yeye. Kwa upande mwingine ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki juu ya taarifa zake. Ni wanafunzi wangapi waliomaliza kidato cha sita wamewahi kusikia kwamba jina, namba na picha zao ni mali wanayoweza kuidai? Mpwa wangu hakuwahi. Kama angejua, asingeacha cheti chake cha kuzaliwa kwenye kompyuta ya steshenari, ambamo watu arobaini kwa siku huacha vya kwao.

Mimi ningeanza na mtihani, kwa sababu ninazijua shule zetu: kisichotahiniwa hakifundishwi. Baraza la Mitihani likiweka katika karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne swali moja tu lenye jumbe mbili, moja ya kweli na moja ya utapeli, likamtaka mtahiniwa aeleze ipi ataiamini na angefanya nini ili kuhakikisha, walimu nchi nzima wataanza kufundisha jambo hilo mwaka huohuo. Gharama yake ni wino.

Suala la mpwa wangu tulilimaliza kwa kwenda wote wawili kule steshenari siku isiyo na watu wengi. Yule kijana alitupokea vizuri, akatafuta kwenye daftari lake la kaunta, akaipata ile anwani ya barua pepe. Neno la siri lilikuwa lilelile alilowapa wateja wake wote. Alituambia yeye mwenyewe aliishia kidato cha nne, na mambo haya alijifunza kwa kubahatisha, akikosea kwa maombi ya watu. Akampisha binti kwenye kiti.

Akaanza upya. Akasoma anwani ya tovuti kutoka kulia, kwa sauti, mpaka alipoona .go.tz. Akasoma maelekezo yote, kurasa kadhaa, akiniuliza neno hili na lile. Alipofika kwenye masharti ya mkopo alisoma kifungu cha marejesho mara mbili, akatoa kikokotoo cha simu, akapiga hesabu zake kimya. Akarekebisha taarifa iliyokuwa na kosa. Mwisho ukaja ukurasa wa kubadili neno la siri. Akaweka vidole juu ya kibodi, kisha akasita, akanitazama.

"Mjomba, geuka kidogo."

Nikageuka, nikaangalia barabarani.